Dizzy Dean: Kidole kilichovunjika au mkono uliochoka?

Na Mwandishi Wetu

MJADALA juu ya kilichoiangusha timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals ya Marekani katika msimu wa mwaka 1937 haujapata mwamuzi hadi leo, ingawa waliocheza msimu huo walikwishatangulia mbele ya haki.

Wapo wanaoamini kwamba timu hiyo iliponzwa na majeruhi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba ilikosa warushaji wazuri, na kwamba majeruhi ni kisingizio cha walioshindwa.

Katikati ya ubishi huo amesimama mtu mmoja, Jay Hanna Dean, ambaye ulimwengu wa michezo ulimfahamu zaidi kwa jina la Dizzy Dean. Maisha yake ndiyo yanayoweza kutupa jibu, kwani yeye alikuwa majeruhi mkubwa kuliko wote na pia mrushaji mkubwa kuliko wote katika kikosi hicho.

Kwa msomaji asiyeufahamu vyema mchezo huu, mrushaji ndiye husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji wa timu pinzani aliyeshika kigongo. Akiwa hodari, wapigaji hukosa mpira na kurejea benchi mikono mitupu. Akiwa dhaifu, wapinzani huuchapa mpira, hukimbia kutoka kituo hadi kituo na kujikusanyia pointi katika awamu tisa za mechi.

Kwa sababu hiyo, timu yenye wapigaji wakali lakini isiyo na warushaji ni sawa na nyumba nzuri isiyo na mlango.

Dean alizaliwa Januari 16, 1910, katika kijiji cha Lucas, jimbo la Arkansas. Baba yake alikuwa mkulima asiye na ardhi, aliyelima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Mama yake alifariki dunia Dean akiwa bado mtoto mdogo.

Familia hiyo ilihama kutoka shamba moja la pamba hadi jingine, na watoto walichuma pamba pamoja na baba yao. Shule kwa Dean ilikuwa jambo la muda mfupi, na aliiacha akiwa bado katika madarasa ya chini kabisa.

Umaskini huo ndio uliompeleka jeshini akiwa bado kijana wa umri wa kubalehe. Akiwa katika kambi ya Fort Sam Houston mjini San Antonio, Texas, alipata chakula cha uhakika, viatu na nafasi ya kucheza besiboli. Inasimuliwa kwamba ni huko jeshini alikobandikwa jina la Dizzy, lenye maana ya mtu mwenye kizunguzungu au asiyetulia akili, kwa sababu ya vituko vyake.

Cardinals walimsajili na kumpeleka katika timu zao ndogo. Septemba 28, 1930, siku ya mwisho ya msimu, alipewa nafasi ya kwanza katika ligi kuu na kuwafunga Pittsburgh Pirates pointi 3 kwa 1. Hata hivyo, mwaka uliofuata alirudishwa katika timu ndogo ya Houston, ambako aliandikiwa ushindi mara 26. Mwaka huo huo wa 1931 alimwoa Patricia Nash, mwanamke aliyeishi naye hadi kifo na kuwa mlinzi wa fedha zake.

Alipopanda tena ligi kuu mwaka 1932, hakushuka. Alishinda mechi 18 msimu huo na 20 mwaka uliofuata. Julai 30, 1933, aliwatoa wapigaji 17 wa Chicago Cubs kwa kuwakosesha mpira katika mechi moja, idadi iliyokuwa rekodi ya zama hizo.

Pamoja na kipaji hicho, Dean alijaliwa mdomo. Alijigamba waziwazi kabla ya mechi, kisha akaingia uwanjani na kutimiza majigambo yake. Waandishi wa habari walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwaacha bila habari, hata kama ilibidi awape kila mmoja tarehe tofauti ya kuzaliwa na mahali tofauti alikozaliwa.

Msimu wa 1934 ndio uliomweka katika historia. Dean alishinda mechi 30 na kupoteza 7 tu, akachaguliwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa. Tangu hapo hadi leo hakuna mrushaji mwingine wa ligi hiyo aliyefikisha ushindi 30 katika msimu mmoja.

Mwaka huo alijiunga naye mdogo wake, Paul, aliyeshinda mechi 19. Septemba 21, mjini Brooklyn, timu hiyo ilicheza mechi mbili kwa siku moja. Dizzy alirusha ya kwanza na kuwaruhusu wapinzani mipigo mitatu tu. Paul akarusha ya pili na hakuruhusu mpigo hata mmoja.

Katika fainali ya World Series dhidi ya Detroit Tigers, Cardinals walitwaa ubingwa kwa kushinda mechi nne kati ya saba. Ushindi wote wanne uliandikwa kwa jina la ukoo mmoja: Dizzy mara mbili, Paul mara mbili.

Ndani ya fainali hiyo, hata hivyo, kulikuwa na tukio ambalo lingestahili kuwa onyo. Katika mechi ya nne, Dean aliingizwa kukimbia kwa niaba ya mchezaji mwingine, akagongwa kichwani na mpira uliotupwa na mlinzi wa Detroit. Alianguka na kutolewa nje kwa kubebwa.

Siku iliyofuata alikuwa tena katikati ya uwanja akirusha. Alipoteza mechi hiyo, lakini baadaye alirusha ile ya saba na ya mwisho, ambayo Cardinals walishinda pointi 11 kwa 0. Kwa kuwa mwisho ulikuwa mwema, hakuna aliyeuliza iwapo mtu aliyepigwa kichwani jana yake alipaswa kucheza.

Kucheza na maumivu lilikuwa jambo la kawaida katika zama hizo. Klabu ilimmiliki mchezaji kwa kipengele cha mkataba kilichomnyima ruhusa ya kuhamia kwingine kwa hiari yake, na mshahara ulijadiliwa upya baada ya msimu. Mgonjwa hakuwa na nguvu ya kujadiliana.

Dean alilijua hilo. Katika msimu wake wa ushindi 30, mshahara wake ulikuwa dola 7,500 na wa Paul dola 3,000. Ndugu hao waligoma mwaka huo wakidai Paul aongezwe, na Agosti walitozwa faini na kusimamishwa baada ya kususia safari ya mechi ya maonyesho. Walirejea uwanjani bila kupata walichokitaka.

Klabu, kwa upande wake, ilimtumia Dean kadiri ilivyowezekana. Alirusha zaidi ya awamu 300 katika kila msimu kuanzia 1934 hadi 1936. Alishinda mechi 28 mwaka 1935 na 24 mwaka 1936. Katika mwaka huo wa 1936 alionekana katika mechi 51, lakini alizianza 34 tu. Nyingine 17 aliingizwa katikati kuokoa jahazi, siku ambazo mrushaji wa kuanza kwa kawaida hupumzika.

Hapo ndipo tunapoufikia mwaka wa ubishi, 1937.

Msimu ulianza kwa kelele. Mwezi Mei, Dean aliwaka hasira baada ya mwamuzi kumwadhibu katika mechi dhidi ya New York Giants. Kwa matamshi aliyoyatoa baadaye dhidi ya mwamuzi huyo na rais wa ligi, Ford Frick, alisimamishwa kwa muda mwezi Juni. Pamoja na hayo, hadi katikati ya msimu alikuwa ameshinda mechi 12 na kupoteza 7.

Julai 7 alisimama katika uwanja wa Griffith mjini Washington, kwenye mechi ya nyota wa ligi mbili, mbele ya Rais Franklin Roosevelt. Inasimuliwa kwamba hakutaka kwenda na alibembelezwa.

Katika awamu ya tatu, Lou Gehrig alimchapa mpira ukatoka nje ya uwanja. Aliyefuata, Earl Averill wa Cleveland, aliupiga mpira uliokwenda kama mshale na kumgonga Dean kwenye mguu wa kushoto. Kidole gumba cha mguu huo kilivunjika.

Kidole cha mguu ni kiungo kidogo, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyekitilia maanani. Takriban wiki mbili baadaye Dean alikuwa amerudi kazini.

Mrushaji wa mkono wa kulia huushukia mguu wa kushoto kwa uzito wote wa mwili kila anapoachia mpira. Dean, akiukwepa uchungu wa kidole, alibadili namna ya kushuka. Mzigo uliokuwa ukibebwa na miguu na kiuno ukahamia begani na mkononi. Mkono ukaumia, na kasi ile iliyowatisha wapigaji ikapotea moja kwa moja.

Baada ya Julai 7 alishinda mechi moja tu na kupoteza tatu. Cardinals walimaliza nafasi ya nne kwa ushindi 81 na vipigo 73, wakiachwa na Giants, mabingwa wa ligi, kwa tofauti ya mechi 15.

Sasa tuzipime hoja za pande zote mbili.

Wanaosema ni kidole cha Dean pekee wanakabiliwa na hesabu. Tuseme angekuwa mzima na kufikisha ushindi 24 kama mwaka uliotangulia. Hizo ni mechi 11 zaidi ya 13 alizoshinda. Hata kama zote zingechukua nafasi ya vipigo, bado pengo la mechi 15 lisingezibika.

Wanaosema wapigaji ndio walilala hawana pa kushika. Joe Medwick aliongoza ligi mwaka huo kwa wastani wa upigaji wa .374 na kwa kuleta pointi 154, huku akifungana na Mel Ott kileleni kwa mipigo 31 ya nje ya uwanja. Mwenzake, Johnny Mize, alipiga kwa wastani wa .364. Timu yenye watu wawili wa namna hiyo haikukosa pointi.

Wanaobaki ni warushaji. Hapa wanaosema urushaji ulikuwa mbovu wanaonekana kushinda, mpaka tuulize ni kwa nini.

Mwaka 1934 ndugu wawili wa Dean walishinda mechi 49. Mwaka 1935 walishinda 47. Mwaka 1936, mkono wa Paul ulipoumia na kuambulia ushindi mara 5 tu, jumla yao ilishuka hadi 29. Mwaka 1937 Paul alionekana katika mechi moja tu bila kushinda yoyote, na jumla ikawa 13, zote za Dizzy.

Kwa maneno mengine, urushaji mbovu wa Cardinals ulikuwa ni majeruhi wenyewe katika vazi jingine. Na majeruhi hao hawakuletwa na bahati mbaya peke yake. Mpira wa Averill ulikuwa ajali, lakini kurudi uwanjani kabla ya kidole kupona ulikuwa uamuzi, uliofanywa na watu wazima wenye akili timamu, Dean mwenyewe akiwamo.

Aprili 1938 Cardinals walimuuza kwa Chicago Cubs kwa wachezaji watatu na dola 185,000. Bila kasi, Dean aliishi kwa ujanja, akirusha mipira ya polepole iliyowachanganya wapigaji. Alishinda mechi 7 na kupoteza moja, na Cubs wakatwaa ubingwa wa ligi. Cardinals, bila yeye, walishuka hadi nafasi ya sita.

Katika mechi ya pili ya fainali ya mwaka huo aliwazuia New York Yankees hadi awamu ya nane akiongoza pointi 3 kwa 2, akiwa hana silaha nyingine zaidi ya akili. Kisha Frank Crosetti akampiga mpira wa nje ya uwanja, na Joe DiMaggio akafanya hivyo hivyo katika awamu ya tisa. Yankees walishinda 6 kwa 3.

Alistaafu mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 31, kwa ushindi 150 na vipigo 83. Aligeukia utangazaji wa redio na baadaye televisheni, ambako Kiingereza chake cha mashambani kiliwakera walimu na kuwafurahisha wasikilizaji.

Mwaka 1947, baada ya kuwakosoa mno warushaji wa St. Louis Browns hewani, aliombwa aoneshe mwenyewe. Alirusha awamu nne bila kuruhusu pointi, kisha akaumia msuli wa mguu na kurudi kwenye kipaza sauti.

Mwaka 1953 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Alifariki dunia Julai 17, 1974, mjini Reno, Nevada, kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 64. Alizikwa Bond, Mississippi, nyumbani kwao mkewe.

Wanaoendelea kubishana kama ni majeruhi au ni urushaji vilivyouharibu msimu wa 1937 wanavuta kamba moja kutoka ncha mbili. Timu ile ilikuwa na mkono mmoja wa thamani kuliko yote, ikautumia mchana na jioni kwa miaka mitatu, na ulipohitaji wiki chache za kupumzika ikaona ni nyingi mno.