Marehemu Mwalimu Macnutt na Mafumbo Yake

Ndugu wasomaji, mliomaliza zamani na mlio bado madarasani, safari hii naomba niwasimulie maisha ya mwalimu mmoja wa Uingereza ambaye jina lake halimo katika vitabu vyetu vya historia, lakini wapenzi wa chemshabongo za magazetini wanalijua sana.

Derrick Somerset Macnutt alizaliwa mwaka 1902. Alisoma Marlborough, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, na kuanzia 1928 hadi 1963 alifundisha Kilatini na Kigiriki katika shule ya Christ's Hospital, karibu na Horsham, ambako wanafunzi huvaa makoti marefu ya buluu na soksi za manjano. Hiyo ilikuwa kazi ya kumpa mkate. Jumapili, katika gazeti la Observer, alikuwa mtu mwingine: Ximenes, mtunzi wa mafumbo ya maneno.

Jina hilo lina kisa. Kabla yake mafumbo ya gazeti hilo yalitungwa na Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, jina la kiongozi wa mahakama ya kanisa iliyowatesa watu Hispania. Mathers alipofariki mwaka 1939, Macnutt akawa miongoni mwa walioiendeleza kazi ile, na baadaye akachukua jina la kiongozi mwingine wa mahakama hiyohiyo. Wasomaji walielewa kwamba wanakwenda kuteswa! Lakini hapo ndipo wawili hawa walipoachana. Torquemada alikuwa na akili kali mno, na mara nyingi aliyepata jibu lake hakuweza kueleza amelipataje. Macnutt aliona hiyo ni dhuluma.

Kwa ambao hawajacheza mchezo huu: kila kidokezo kina sehemu mbili. Moja hutoa maana ya jibu, nyingine huonyesha herufi zake kwa hila. Nimetunga mfano wa Kiswahili. Jibu ni SIMBA. Tuseme nimeandika: Mfalme wa porini alimwona farasi mbaya. Mfalme wa porini ni maana, na herufi za simba zimo katikati ya maneno farasi mbaya, hesabuni wenyewe. Sentensi inasomeka vizuri, lakini Ximenes angeipiga mstari mwekundu, kwa sababu neno alimwona halimwambii msomaji atazame ndani. Sasa niandike hivi: Mfalme wa porini yumo tumboni mwa farasi mbaya. Umedanganyika, maana kwa kawaida farasi ndiye huingia tumboni mwa simba, lakini hukudhulumiwa. Kila neno lina kazi yake.

Ndiyo sheria yake yote: maana sahihi, hila ya haki, na hakuna neno la ziada. Hakuivumbua peke yake. Kasisi Ritchie, mwalimu mkuu wa shule moja mjini Wells, aliyejiita Afrit (naam, afriti yule yule wa hadithi zetu), alikwisha kufundisha katika kitabu chake cha 1949 kwamba mtunzi ana ruhusa ya kupotosha, mradi maneno yake yakisomwa neno kwa neno yabebe kile anachokusudia. Macnutt aliifanya iwe desturi. Aliwaalika wasomaji watunge vidokezo vyao, akavisahihisha kama madaftari ya darasani, akawapelekea karatasi ya maelezo: huyu kashinda kwa sababu hii, yule kakosea pale. Mwaka 1966 akayakusanya mafunzo yake katika kitabu. Miongoni mwa washindani hao alikuwamo Colin Dexter, ambaye baadaye aliandika hadithi za upelelezi na kuwapa wapelelezi wake wawili majina ya washindani wenzake, Morse na Lewis.

Si wote waliokubaliana naye. John Graham wa gazeti la Guardian, aliyejiita Araucaria, alijiruhusu uhuru zaidi, na wengi walimpenda kwa hilo. Mimi nasimama na Macnutt, na sababu yangu si ya mchezo. Miaka kadhaa nyuma niliandika waraka wa ofisi wenye sentensi moja iliyoweza kusomwa namna mbili. Mzee mmoja mstaafu aliisoma namna ya pili, akapanda basi usiku kucha, akafika mezani kwangu na karatasi zisizotakiwa. Nilimweleza nilichokusudia. Aliniuliza kwa upole ni neno gani katika waraka linalosema hivyo. Nililitafuta, halikuwapo.

Macnutt alifariki mwaka 1971, baada ya mafumbo zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata Jonathan Crowther alishika nafasi yake kwa jina la Azed, ambalo ukiligeuza nyuma mbele unapata Deza, kiongozi mwingine tena wa mahakama ile.

Vijana wa kidato cha tatu, nawaachia hiki: Rafiki amevurugika mawazo. Jibu lina herufi 6. Atakayelipata anione siku ya mkutano wetu, lakini asije na jibu peke yake. Nitamwomba anieleze kazi ya kila neno.