Prosper Ménière: munganga aliyeonyesha kama kizunguzungu kinaweza kutoka ku sikio

Paris, miaka karibu 200 iliyopita. Mutu anatembea vizuri, na kwa gafula dunia inaanza kuzunguka. Sikio linavuma, anatapika, anaanguka. Wakimufikisha ku hospitali, wanganga wanasema damu imejaa ku ubongo. Dawa yao ni kumutoa damu. Mugonjwa anarudia nyumbani akiwa zaifu kuliko mbele, na hakuna aliyeangalia sikio lake.

Aliyekataa mawazo hayo ni Prosper Ménière. Alizaliwa mwaka 1799 katika muji wa Angers, magaribi ya Ufaransa, akakuja kumalizia masomo ya uganga Paris. Alitumika ku hospitali ya Hôtel-Dieu. Mwaka 1830, watu wa Paris walipomuinukia mufalme wao, yeye alikuwa kati ya wale waliotunza waliojeruhiwa. Mwaka 1835, serkali ikamutuma kusini ya inchi kupiganisha kipindupindu.

Mwaka 1838 akafanywa munganga mukubwa wa masomo ya viziwi ya Paris, pahali pa Jean Itard aliyetoka kufa. Pale alitumika mpaka mwisho wa maisha yake, akichunguza watoto wasiosikia na watu wakubwa wenye masikio yanayowasumbua.

Kwa miaka mingi aliona jambo moja likirudia. Wagonjwa wengi wa kizunguzungu walikuwa pia na sikio linalovuma, na kusikia kwao kulikuwa kunapungua. Tena, shambulio likiisha, mikono, miguu na akili vilikuwa bado vizima. Kama ubabaifu ulikuwa ku ubongo, namna gani mutu angesimama vile?

Kulikuwa tena na musichana mumoja, aliyesafiri usiku wa baridi inje, juu ya gari la farasi. Alikuwa kiziwi kwa gafula, kizunguzungu na kutapika vikamushika, na siku ya tano akakufa. Walipopasua maiti, ubongo haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ndani ya sikio, katika mifereji midogo ya mviringo. Mbele ya hapo, Mufaransa mwengine, Pierre Flourens, alikuwa amekata mifereji kama hiyo kwa njiwa, nao wakashindwa kusimama sawasawa. Ménière akaunganisha mambo hayo mawili: sikio linasikia, lakini linasaidia pia mwili usianguke.

Tarehe 8 Januari 1861, akiwa na miaka 61, alisoma kazi yake mbele ya wakubwa wa uganga wa Paris. Wengi hawakukubali. Aliendelea kuandika mwaka ule wote, lakini tarehe 7 Februari 1862 ugonjwa wa mapafu ukamuua. Hakuona ushindi wake. Ni nyuma tu ndipo wanganga walikubali, na ugonjwa ule ukapewa jina lake.

Ménière hakuacha dawa ya kuponyesha. Aliacha njia: kusikiliza mugonjwa, na kuchunguza sikio mbele ya kuhukumu. Leo munganga wa masikio, pua na koo, yule wanaita ORL, anaweza kupima kusikia na kutafuta kizunguzungu kinatoka wapi. Kuna kile kinacholetwa na vijiwe vidogo vilivyohama ndani ya sikio. Mara nyingi kinaisha munganga akigeuza kichwa cha mugonjwa kwa namna anayojua, bila hata kidonge.

Kwa hiyo mutoto muchanga asiyeshituka kwa makelele, mwanafunzi anayeitwa kichwa ngumu kumbe hasikii, na muzee anayeongeza sauti ya redio kila siku, wote wana haki ya kupimwa. Si uzee tu, na si ulozi. Lakini kizunguzungu kikikuja pamoja na mudomo kupinda, mukono kulegea ao maneno kupotea, hapo hakuna kungojea kesho: ni kukimbia hospitali saa ile ile.