Sayyidna Umar (R.A.) na Mwaka wa Majivu

Ndugu wanafunzi, wazazi wenu wa Ngara hawajasahau mwisho wa Aprili 1994. Kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakapiga kambi Benaco. Baadaye wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Miti ikaisha kwa kuni, maji yakawa shida, na huko Biharamulo wanyama wa pori la Burigi wakawindwa sana. Watu wakizidi mali ya ardhi, nani apewe kwanza? Swali hilo lilimfika Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) zaidi ya miaka 1,300 kabla yetu.

Alizaliwa Makka katika Kuraishi, na ujanani alichunga ngamia wa baba yake, basi thamani ya majani aliijua. Akawa Khalifa mwaka wa 13 Hijria (634). Mwaka wa 18 mvua ilikatika Hijazi, ardhi ikawa kama majivu, na mabedui wakamiminika Madina kwa maelfu. Umar aliamuru wahesabiwe, wapikiwe kwa masufuria makubwa, na wagonjwa wapelekewe chakula walipolala. Yeye mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka watu wote wapate, hata rangi yake ikasawijika. Aliandika barua kuomba msaada, na inasimuliwa kwamba Abu Ubayda alileta kutoka Sham ngamia 4,000 waliosheheni chakula. Zaka ya mwaka ule aliiahirisha. Kisha akatoka na Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.), kuomba mvua. Iliponyesha, aliwapa wageni chakula na vipando, wakarudi makwao.

Lakini jambo ambalo wengi hawalisimulii ni malisho. Umar alitenga ardhi ya malisho ya umma, akamweka Hunayy kuwa msimamizi. Alimwagiza awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na azuie makundi ya Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao ni Masahaba watukufu, wala hakuwa na chuki nao. Ila mifugo yao ikifa wangerudi kwenye mitende na mashamba yao, bali maskini angekuja na watoto wake kuomba dhahabu na fedha ya Baytul Mal. Kwa Umar, maji na majani yalikuwa rahisi zaidi kutoa.

Alichomwa jambia akiswalisha Alfajiri, Dhul-Hija mwaka wa 23 (644), akafariki siku chache baadaye. Aliacha deni, akausia lilipwe kwa mali ya jamaa zake.