SLAVYANOV NA GILASI YAKE YA CHUMA

Wanachama wenzangu, baadhi yenu hunicheka eti mjomba wangu ni wa kuchomelea mageti tu. Haya, leo nawaletea Nikolai Slavyanov, Mrusi aliyezaliwa 1854. Alisomea mambo ya madini St. Petersburg, kisha akaajiriwa kiwanda cha mizinga huko Perm.

Kabla yake, mvumbuzi aitwaye Benardos alikuwa akiunganisha vyuma kwa umeme akitumia kijiti cha kaboni. Slavyanov akafikiri, mbona kijiti chenyewe kisiwe cha chuma? Umeme ukiruka, rodi inayeyuka, inadondoka palipovunjika na pengo linajaa. Kuanzia 1888 alikuwa akifufua hivyo vipuri vikubwa vya mashine.

Lakini iliyonishangaza mimi ni gilasi. Ili kuonyesha kwamba metali tofauti zaweza kushikana, jamaa huyu aliyeyusha shaba, nikeli, chuma na nyinginezo, tabaka juu ya tabaka, hadi akapata gilasi nzima ya aina 8! Kazi yake ilifika maonyesho ya Chicago mwaka 1893, akatuzwa medali. Alifariki 1897, miaka 43 tu, maskini.

Siku hizi kuna mitambo inayoyeyusha waya wa titani kwa mwale wa leza na kujenga sehemu za ndege vivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka, kompyuta ikiongoza. Nilipomsimulia mjomba, aliweka rodi chini akaniuliza maswali ya gilasi ile mpaka mwenye geti akaanza kulalamika.