Gary Kildall, mtu aliyezifanya kompyuta zielewane na vifaa vyake

Ukiwasha kompyuta, ama ordinatere kama wengi wanavyoiita hapa kwetu, na hasa ile ya zamani kidogo, kuna herufi nne zinazoweza kutokea kwenye ekrani kabla ya kitu kingine: BIOS. Watu wengi huzipita bila kujiuliza zinatoka wapi. Zinatoka kwa Mmarekani aitwaye Gary Kildall, aliyefariki tarehe 11 mwezi wa saba mwaka wa 1994 akiwa na umri wa miaka 52. Wazo lake lilifanya programu moja iweze kutumika kwenye mashine za aina nyingi. Wazo hilo lilimpa mali, na wazo hilo hilo likawafungulia wengine njia ya kumpita.

Mtoto wa familia ya mabaharia

Kildall alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano mwaka wa 1942 mjini Seattle, mji wa bandari ulio kaskazini-magharibi mwa Marekani. Babu yake alikuwa ameanzisha shule ya kuwafundisha mabaharia namna ya kuongoza meli. Baba yake alifundisha hapo, na Gary mwenyewe alifundisha hapo kwa muda. Aliingia Chuo Kikuu cha Washington akitaka kuwa mwalimu wa hesabu, lakini huko akakutana na kompyuta, na mpango wake ukabadilika. Mwaka wa 1963 alimuoa Dorothy McEwen, waliyejuana tangu wakiwa wanafunzi wa sekondari. Walipata watoto wawili.

Wakati wa vita vya Vietnam, vijana wengi wa Marekani walichukuliwa jeshini. Kildall aliingia katika jeshi la majini, lakini hakupelekwa vitani. Alipelekwa kufundisha kompyuta kwenye chuo cha jeshi hilo mjini Monterey, katika jimbo la California. Mwaka wa 1972 alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu alikosomea.

Miaka hiyo kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba kizima, na ni serikali, vyuo na kampuni kubwa tu zilizoweza kuinunua. Lakini mwaka wa 1971 kampuni ya Intel ilitoa mikroprosesa yake ya kwanza, 4004, kijiwe kidogo chenye kazi za moyo wa kompyuta. Kildall alikinunua, akaanza kukiandikia programu. Intel ilimwita awe mshauri wake, naye akaitungia PL/M, lugha ya kuandikia programu za mikroprosesa.

Diski isiyotaka kutii

Kompyuta ndogo za wakati huo zilikuwa na taabu moja kubwa: mahali pa kuweka kazi. Programu ziliwekwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na kuusoma kulichukua muda mrefu. Kisha ikaja disketi, sahani laini ya plastiki inayoshika maandishi kwa nguvu ya sumaku. Kildall alipata mashine ya kusoma disketi kutoka kampuni ya Shugart. Lakini haikuwa na sehemu ya umeme ya kuiunganisha na kompyuta. Alijaribu kuitengeneza mwenyewe, akashindwa, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa programu zaidi kuliko mtu wa waya. Mwaka wa 1974 rafiki yake John Torode, waliyesoma naye, alimtengenezea sehemu hiyo, na disketi ikaanza kuzunguka.

Programu ambayo Kildall alikuwa ameiandika kwa ajili ya disketi hiyo iliitwa CP/M. Ilikuwa mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayopokea amri za mtumiaji, inayopanga faili kwenye diski na kuziita programu nyingine zifanye kazi. Aliipeleka kwa Intel, lakini Intel haikutaka kuiuza. Ndipo yeye na Dorothy wakaanzisha kampuni yao nyumbani, katika mji mdogo wa Pacific Grove, jirani na Monterey. Baadaye kampuni hiyo ilijulikana kwa jina la Digital Research. Dorothy ndiye aliyesimamia biashara, na CP/M iliuzwa kwa posta kwa dola 70 hivi.

Mkalimani kati ya programu na mashine

Hapo tatizo kubwa lilijitokeza. Kila kampuni ilitengeneza kompyuta kwa namna yake. Klavie ya mashine moja iliunganishwa kwa njia moja, ya mashine nyingine kwa njia tofauti. Diski moja iligawanywa hivi, nyingine vile. Hata masini ya kuchapa karatasi ilingoja ishara zake yenyewe. Kwa hiyo kila mteja mpya alipokuja, Kildall alilazimika kufungua CP/M na kuandika upya sehemu zilizogusa vifaa. Wateja waliongezeka, na kazi hiyo ikamchosha.

Mwaka wa 1976 kampuni ya IMSAI ilihitaji CP/M kwa kompyuta zake zenye diski. Kildall akafanya kazi na Glenn Ewing, mtu wa IMSAI aliyefahamiana naye, na wakaigawa programu. Kila kilichogusa vifaa moja kwa moja kilitolewa, kikawekwa katika sehemu ndogo ya pekee. Sehemu hiyo ndiyo iliyopewa jina la BIOS, yaani mfumo wa msingi wa kuingiza na kutoa habari. Sehemu nyingine zote za CP/M zilibaki vilevile kwenye kila mashine.

BIOS ilifanya kazi kama mkalimani sokoni. Mfanyabiashara husema lugha yake moja popote aendapo, na mkalimani ndiye anayebadilika kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Programu ya kuandika barua haikuhitaji kujua klavie imeunganishwa wapi. Iliomba herufi moja, BIOS ikaenda kuitafuta. Iliomba kuchapa, BIOS ikapeleka maandishi kwenye masini ya kuchapa. Katika toleo la 2.2 la CP/M, orodha ya maombi ambayo BIOS ilipaswa kuyajibu ilikuwa na mambo 17 tu. Aliyetengeneza kompyuta mpya aliandika majibu ya mambo hayo 17, na mara moja mashine yake iliweza kutumia programu zilizokwisha kuandikwa kwa CP/M.

Hata majina yalirahisishwa. Diski ziliitwa kwa herufi: A ya kwanza, B ya pili. Mtindo huo ulirithiwa na mifumo iliyofuata, na ndiyo sababu hadi leo diski kuu ya kompyuta nyingi inaitwa C: A na B zilikuwa zimekwisha kuachiwa disketi.

Kazi hiyo haikumaliza kila shida. BIOS ilijua kupeleka herufi kwenye ekrani, lakini kila ekrani ilikuwa na amri zake za kusogeza alama ya kuandikia, hivyo programu kama WordStar ilibidi irekebishwe kulingana na ekrani ya mnunuzi. Tena disketi iliyoandikwa na mashine ya kampuni moja mara nyingi haikusomeka kwenye mashine ya kampuni nyingine. Hata hivyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1970, CP/M ndiyo iliyoongoza kwenye kompyuta ndogo za biashara.

Siku IBM ilipobisha hodi

Mwaka wa 1980 IBM, kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta, ilikuwa ikitengeneza kwa siri kompyuta ndogo, na ilihitaji mfumo wa uendeshaji. Wajumbe wake walimwendea kwanza Bill Gates wa Microsoft, naye akawaelekeza kwa Kildall. Walipofika Pacific Grove, Kildall alikuwa ameondoka na ndege yake ndogo kwenda kuonana na mteja. Dorothy ndiye aliyewapokea. IBM ilitaka kwanza isainiwe karatasi ya kutunza siri. Dorothy na mwanasheria wa kampuni waliona masharti yake ni mazito, wakasita.

Baadaye Kildall alieleza kwamba alirudi mchana huo na kuzungumza na wajumbe hao. Simulizi za waliohusika hazipatani. Linalojulikana ni kwamba mapatano hayakupatikana. IBM ilirudi kwa Microsoft. Nayo Microsoft ilinunua mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa kampuni ndogo ya mjini Seattle, ambao amri zake za ndani zilifuata kwa karibu zile za CP/M ili programu za zamani zihamishwe kwa urahisi.

Tarehe 12 mwezi wa nane mwaka wa 1981 IBM ilitangaza kompyuta yake. Ndani yake kulikuwa na kijiwe cha kumbukumbu kilichobeba programu ya kuzungumza na vifaa, na jina lake lilikuwa lile lile, BIOS. Kildall alilalamika kwamba kazi yake imeigwa, lakini wakati huo sheria ya haki za programu haikuwa wazi. IBM ikakubali kuuza pia CP/M-86 ya Kildall. Mnunuzi alipofika dukani aliona mfumo wa Microsoft kwa dola 40 na ule wa Kildall kwa dola 240. Wengi walichukua wa bei ndogo.

Kisha kampuni nyingine, Compaq ikiwa ya kwanza kati ya zilizofaulu, ziliandika BIOS zao zilizojibu maombi kama ile ya IBM. Mfumo wa Microsoft ukaenea kwenye mashine za kila mtengenezaji. Njia uliyopita ndiyo ile aliyoifungua Kildall: tenga kinachogusa kifaa, na programu itaenda popote.

Miaka ya mwisho

Kildall hakufa maskini. Mwaka wa 1991 Digital Research iliuzwa kwa kampuni ya Novell. Kabla ya hapo aliendesha kipindi cha televisheni kuhusu kompyuta pamoja na Stewart Cheifet, na mwaka wa 1985 kampuni yake nyingine ilitoa ensaiklopidia nzima kwenye CD moja. Lakini uvumi ulimfuata popote, kwamba aliikosa bahati ya IBM kwa sababu alikuwa akijifurahisha angani. Ulimuumiza sana. Mwaka wa 1992 chuo kikuu kilichompa shahada kilipomchagua Bill Gates kuwa msemaji mkuu wa sherehe yake, Kildall aliamua kuandika habari za maisha yake kama alivyozijua yeye, akawagawia marafiki wachache.

Ndoa yake na Dorothy ilikuwa imevunjika, na familia imesema kwamba pombe ilimtesa miaka hiyo. Mwezi wa saba mwaka wa 1994 aliumia kichwa ndani ya baa mjini Monterey, na siku tatu baadaye akafariki. Alizikwa Seattle.

Mwaka wa 2014 bamba la ukumbusho wa CP/M liliwekwa Pacific Grove, mbele ya nyumba iliyokuwa ofisi ya Digital Research. Mwaka wa 2016 sehemu ya kwanza ya maandishi yake ilitolewa kwa ruhusa ya watoto wake. Kompyuta mpya sasa zinatumia mfumo mwingine wa kuamshia vifaa, uitwao UEFI. Lakini fundi anayetaka kubadilisha kitu kabla mashine haijaamka bado anasema anaingia kwenye BIOS.