Hans Krebs na Siri ya Nguvu Itokayo katika Chakula

Mwalimu afundishaye somo la chakula huko Magamba, Mpanda, mkoani Katavi, huwaambia watoto kwamba ugali hutia mwili nguvu. Ni kweli, lakini mtoto mdadisi atauliza nguvu hiyo hutokaje katika ugali. Ili tuweze kumjibu, yafaa tuyatazame maisha ya Hans Krebs.

Krebs alizaliwa Hildesheim, Ujerumani, mwaka 1900, akiwa mwana wa daktari. Baada ya kuhitimu udaktari, alijifunza kwa Otto Warburg, mjini Berlin, namna ya kupima oksijeni itumiwayo na vipande vyembamba vya nyama hai. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimwachisha kazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, naye akahamia Uingereza.

Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba glukosi, yaani sukari itokanayo na wanga, huanza kuvunjwa ndani ya seli pasipo oksijeni. Hatua zinazofuata ndizo zilizofichika. Mwaka 1937, akiwa Sheffield pamoja na mwanafunzi wake William Johnson, Krebs alisaga misuli ya kifua cha njiwa. Aliona kuwa asidi ya sitriki, hata ikitiwa kidogo, iliifanya misuli itumie oksijeni nyingi kupita ile ambayo asidi yenyewe ingehitaji. Tena asidi hiyo iliweza kuundwa upya. Akatambua kwamba hatua hizo ni mzunguko, mfano wa ndoo irudiyo kisimani: ndoo ni ileile, maji ni mapya. Katika mzunguko huo hutoka kabonidioksaidi tunayoipumua nje, na nishati huishia kuhifadhiwa katika kemikali iitwayo ATP, itumiwayo na misuli kila inapojikunja.

Jarida la Nature halikuipokea barua yake, kwa kuwa lilikuwa na barua nyingi zilizongoja kuchapwa. Krebs hakukata tamaa; aliipeleka kazi yake kwa Enzymologia, jarida la Uholanzi, ikachapwa mwaka uleule. Mwaka 1953 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Fritz Lipmann. Alifariki Oxford mwaka 1981.

Basi sisi walimu tusiwakaririshe watoto majina ya kemikali. Tuwatoe uwanjani, wahesabu pumzi zao kabla na baada ya kukimbia, kisha waeleze sababu ya tofauti. Wala jibu la mtoto tusilikatae eti kwa kuwa kipindi kimekwisha. Tulisikilize kesho yake.