Adelchi Negri na Siri ya Kichwa cha Mbwa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba majuto ni mjukuu. Mwaka jana, mbwa koko aliyezoea kuokota mifupa kwenye vibanda vya nyama choma hapa Kamakis alimuuma ndugu yangu mdogo mguuni. Vijana walimvamia kwa mawe, wakamponda kichwa, kisha wakamchoma moto. Sote tulishangilia, hata mimi. Daktari wa mifugo alipofika alitaka kichwa cha yule mbwa. Wapi! Hatukujua kamwe kama alikuwa na kichaa. Ndugu yangu alidungwa sindano zote, nasi tukakaa wiki nyingi tukimchungulia usiku. Ndipo nikataka kumjua mtu aliyefichua siri ya kichwa hicho.

Adelchi Negri alizaliwa mwaka wa 1876 mjini Perugia, Italia. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Pavia, akahitimu mwaka wa 1900 na kuwa msaidizi wa Profesa Camillo Golgi, bingwa wa seli za neva. Siku hizo, ili kujua kama mbwa alikufa na kichaa, ubongo wake ulisagwa, sungura akadungwa, na watu wakangoja wiki kadhaa waone kama atapooza.

Mwaka wa 1903, Negri alichukua ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa, akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Lo! Ndani ya seli za neva aliona vidoa vya mviringo. Sasa jibu lingeweza kupatikana bila kumngoja sungura. Chanda chema huvikwa pete: vidoa hivyo vikapewa jina lake.

Lakini jamani, naye alikuwa binadamu. Alishikilia kwamba vidoa vile ni vimelea. Mwaka uo huo, Paul Remlinger kule Constantinople alionyesha kwamba kiini cha kichaa hupenya hata chujio linalozuia bakteria. Yaani ni virusi. Negri alikosea kuhusu chanzo, ila alama aliyoiona ilikuwa ya kweli.

Mwaka wa 1906 alimwoa mtafiti mwenzake, Lina Luzzani. Ole wao! Kifua kikuu kilimchukua Negri tarehe 19 Februari 1912, akiwa na miaka 35 tu. Mwaka huohuo kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, katika mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi.

Kwa kuwa baadhi ya mbwa wenye kichaa hawana vidoa hivyo, tangu 1958 kuna kipimo kingine kinachofanya virusi ving'ae kijani. Hata hivyo, kinachopimwa bado ni ubongo.

Kwa hivyo wenzangu, ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mbio hospitalini. Na kichwa cha mbwa kisipondwe! Mwiteni daktari wa mifugo, akipeleke maabara ya Kabete. Ndugu yangu ni mzima, Mungu ashukuriwe. Ila hofu ile tulijitakia wenyewe, kwa mawe yetu.